Kengele ya Jioni

Melkizedeki alikuwa amebaki na kipa tu, mpira uko mguuni, na hapo hapo kengele ya kanisa ikalia.

Jamani! Enzi hizo za Mwingereza, huku Meru, kengele ya jioni ikilia hata mwenye jembe analiacha, anafumba macho, anasali. Uwanja mzima ukaganda. Kipa wa timu ya wageni kutoka Moshi naye, Mlutheri kama wenyeji wake, akafumba macho, mikono kifuani.

Na chuo cha ualimu cha kina Melkizedeki kilikuwa hakijashinda hata mechi moja msimu mzima! Hii ndiyo ya mwisho, na bado sare. Mchungaji, mkuu wa chuo, alishawaambia asubuhi: "Leo msiposhinda, wanangu, mpira naufungia kabatini. Mtarudi kupalilia kahawa."

Melkizedeki akafumba macho. Kamba iliyoshona mdomo wa mpira wa ngozi, imelowa mvua, ilikuwa ya baridi chini ya kidole gumba cha mguu wake mtupu. Sauti ya Mchungaji ilisikika pembeni ya goli, ikiongoza sala.

Akafumbua jicho moja.

Mchungaji alikuwa anamtazama, macho yote wazi! Midomo inaomba wasitiwe majaribuni, kidevu kinamwonyesha goli.