Hedseti ya Tatu

Baada ya mbili za ghali kushindwa, rubani alivaa hedseti ya tatu, ile ya bei rahisi, akaiwasha, na ngurumo ya injini haikupungua hata chembe.

"Kama na hii inayozima kelele haizimi, basi masikio yangu yamekwisha," alimpigia kelele fundi, aliyeketi kando yake ndani ya kijindege. Wiki ijayo daktari angempima, na rubani asiyesikia hapewi leseni.

Fundi alipenyeza kidole kati ya sponji na sikio. Kikapita bila kugusa ngozi.

"Mjomba, vua kofia."

"Kofia imekukosea nini?"

"Sponji imekalia sufu ya kofia, kelele zinaingia kama zimealikwa. Na huo upara tunaujua wote, mkeo alishatusimulia."

Akaivua, shingo upande. Sponji zikabana ngozi, na injini ikawa mnong'ono. Kutoka mnarani akamsikia mwongoza ndege akipiga mwayo kabla ya kutaja mwelekeo wa upepo.

Mwayo ule aliusikia mwanzo hadi mwisho. Akashusha pumzi, akajipangusa macho kwa kiganja.

"Hizo mbili za ghali zirudishe dukani," alimwambia fundi. "Kisha funga mkanda, turuke."