Saa Kumi na Saba Angani

“Ndege inachukua saa ngapi kutoka huko?” dada yake aliuliza kwenye simu. “Daktari anasema baba huenda asifike kesho.”

Kaka mtu alikuwa amekaa kitandani, vidole vimeganda kwenye kamba za kiatu. Kwa miaka miwili nyumbani walijua yuko ughaibuni. Ukweli ni kwamba viza ilikataliwa, aibu ikamfunga mdomo, akapanga chumba hiki nyuma ya gereji. Hospitali aliyolazwa baba ilikuwa ng’ambo ya soko tu.

“Saa kumi na saba,” alijibu. Alikwisha kuzitafuta zamani, pamoja na umbali wa safari, asije akababaika akiulizwa. “Tena kuna kubadilisha ndege njiani.”

“Basi panda ya kwanza utakayopata. Ngoja, anataka kukusikia.”

Pumzi zikakwaruza sikioni. Kisha sauti ya baba, nyembamba kama ya mtu mwingine.

“Mwanangu, usihangaike kuja. Huko ni mbali mno. Radhi zangu unazo.”

Angeweza kushukuru, akakata simu, na uongo wake ukazikwa kesho pamoja na mzee.

“Baba, usikate simu,” alisema, akafungua mlango na kukimbia.

Alikata soko katikati, akapanda ngazi za hospitali, akasukuma mlango wa wodi. Dada yake aligeuka. Alikuwa bado amemshikia baba simu sikioni.