Simbilisi Waliochomwa Sindano

Kila asubuhi nikigonga debe la majani, simbilisi wote wa maabara hupiga kelele. Siku ile, waliochomwa sindano hawakuinua hata vichwa.

"Hawasikii, mzee," daktari wa mifugo aliniambia. "Hiyo dawa inaua sikio kwa ndani."

Nikakisoma kichupa. Ilikuwa streptomaisini, ileile anayochomwa mke wangu Naima kwenye duka jipya la dawa, kwa ajili ya kifua.

Nilirudi nyumbani Kizota kwa baiskeli. Naima alikuwa uani anapepeta ulezi. Kikohozi kilikuwa kimekoma, mashavu yamejaa. Nikamsalimia nikiwa nyuma yake. Kimya. Nikapiga kelele.

Akageuka, anacheka. "Mbona siku hizi unaninong'oneza, baba watoto, kama tuna msiba?"