Upande wa Kushoto

Sikudhani alikuwa katikati ya daraja jembamba lisilo na kingo, akiendesha lile gari kubwa walilolifanya nyumba yao, skrini ya kushoto ilipojaa ukungu. Nyuma yake mumewe, Shomari, alikuwa amelala kitandani, kifua kimembana. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mto.

"Baba Zaituni, kamera imeingia maji. Sioni tairi za kushoto," alisema, akikanyaga breki.

Shomari ndiye aliyeng'oa vioo vya pembeni akafunga kamera na skrini mahali pake, ingawa mkewe alimsihi abakize walau kimoja. Sasa Sikudhani alimsikia akijikokota sakafuni, kisha dirisha la kushoto likafunguliwa na mvua ikaingia ndani.

"Lete kulia kidogo," alisema Shomari, kichwa kikiwa nje. "Hapo hapo. Twende."

Gari likasogea taratibu.

"Kulia tena. Nyoosha."

Sauti ilizidi kufifia, na Sikudhani akaacha hata kupumua ili aisikie. Tairi za mbele zikakanyaga lami, za nyuma zikafuata.

"Tumevuka, Baba Zaituni."

Aligeuka. Shomari alikuwa ameegemea dirisha, macho wazi bila kupepesa, mkono nje, maji ya mvua yakimtiririka vidoleni.