Pikipiki Iliyonguruma Getini

Pikipiki ilikuwa imesimama, mikono yote miwili ya Kipkemei iko juu ya magoti, na bado injini ikapanda yenyewe. Ikapiga nduru, ikashuka mpaka karibu izime, ikapanda tena. Mbwa wa jirani wakaanza kubweka. Nusu ya Kiamunyi ikajua kwamba Mama Jebet amefika nyumbani.

Mama Jebet akashuka, akakung'uta sketi.

"Kijana, nimechoka na hii kelele. Wazee wenu wanakuja Jumamosi kuposa, sivyo?"

"Ndio, Mama."

"Kesho jioni ukinitoa dukani, hii kitu ikinguruma tena hapa kwa geti, waambie wakae kwao. Mtu ameshindwa kutuliza pikipiki, atatuliza msichana wangu?"

Kipkemei hakucheka. Alikuwa amemngoja Jebet amalize chuo, amewangoja wazee wake wakubaliane, na sasa posa yote ilikuwa imening'inia kwenye injini ya pikipiki. Roho ilimwuma kweli.

Mzee Kipngetich, mume wa Mama Jebet, akatokea mlangoni akipangusa masharubu. Alikuwa mpole mno, mtu asiyeweza kufukuza hata kuku aliyeingia sebuleni.

"Wachana na kijana," akasema. "Hiyo pikipiki inaimba vizuri. Ingia unywe chai, mimi nikuangalizie."

Zamani mzee alikuwa fundi wa matrekta. Kipkemei hakuwahi kufika pale bila yeye kuchutama kando ya pikipiki, akiigusagusa na kuisifu.

Chai yenyewe ilikuwa adhabu. Tangu mzee alazwe hospitalini mwaka jana, Mama Jebet alikuwa amepiga sukari marufuku nyumbani kwake, na wageni walikunywa wakitazama dari. Kipkemei alimaliza kikombe kizima kwa ajili ya Jebet.

"Na wazee wenu wakileta zawadi," Mama Jebet akamwonya, "walete unga na majani chai. Sukari hapana."

Asubuhi Kipkemei alikuwa Lanet, kwenye gereji ya Zeddy.

"Boss, umerudi tena?" Zeddy akauliza. "Ama unanipenda?"

Pikipiki ile ilikuwa ya kisasa, haina kabureta. Kompyuta ndogo ndiyo iliyopima hewa na petroli. Safari ya kwanza Zeddy alikuwa amesafisha njia ya hewa, na safari iliyofuata akabadilisha sensa. Leo hakuigusa kompyuta. Aliwasha injini, akapuliza dawa ya kusafishia kando ya mpira unaopeleka hewa kwenye injini. Sauti ikabadilika papo hapo.

"Umeskia hiyo? Inavuta hewa hapa kando, na kompyuta haijui. Ukiwa mbio huwezi notice. Ukiachilia mkono wa mafuta ndio inachanganyikiwa, inaanza kupiga nduru." Akainama karibu zaidi. "Klipu ya huu mpira imelegea, na mimi mwenyewe ndio niliikaza. Halafu cheki, hata sisimizi wamepanda boda. Kwani unabebanga nini?"

"Nabeba mama mkwe."

"Basi huko kwa mama mkwe kuna mtu hakutaki, bro. Hii klipu hailegei yenyewe. Inataka bisibisi."

Akaikaza. Injini ikatulia, ikawa inaguna polepole kama paka aliyeshiba.

Mchana Mama Jebet alimtuma Kipkemei apeleke gunia la unga nyumbani. Aliegesha getini, akaingiza unga jikoni, halafu badala ya kurudi alikopita, akazunguka nyuma ya nyumba, achungulie getini bila kuonekana.

Mzee Kipngetich alikuwa amechutama kando ya pikipiki, bisibisi mkononi.

Kipkemei akamsogelea. "Mzee, kama hunitaki, si ungeniambia tu?"

Mzee akashtuka, akaficha bisibisi mgongoni kama mtoto.

"Nani amesema sikutaki? Wewe ni kijana mzuri sana. Lakini iache hivyo."

"Mama amesema ikinguruma tena..."

"Najua mama amesema nini. Iache tu. Utaelewa ukishaoa."

Maneno matamu, na bisibisi bado iko mkononi. Kipkemei aliondoka ameumia kuliko kama angetukanwa. Alipofika kwenye kona akasimama, akatoa bisibisi yake, akaikaza ile klipu mwenyewe mpaka vidole vikamwuma.

Jioni akamleta Mama Jebet kutoka dukani. Kwenye kona ya mwisho akaachilia mkono wa mafuta, akabana pumzi. Injini haikupanda. Wakafika getini kimya, hata mbwa wa jirani hawakuinua vichwa.

Kipkemei akageuka akingoja sifa. Mama Jebet akajiwekea kidole mdomoni kumnyamazisha. Akavua viatu, akavishika mkononi, akapita kando ya nyumba akinyata, akainama chini ya dirisha, mpaka mlango wa jikoni. Kipkemei akamfuata bila kujua wanaenda kufanya nini. Mama Jebet akausukuma mlango.

Mzee Kipngetich alikuwa ameketi kwenye kigoda, mfuko wa sukari katikati ya magoti, kijiko mdomoni.

"Leo hujasikia pikipiki, eh?" Mama Jebet akasema, na sauti ikamkatika. "Unataka kuniacha na nani, wewe?"

Akampokonya mfuko, akampokonya na kijiko, akamgeukia Kipkemei machozi yakimlengalenga.

"Kijana, waambie wazee wako waje. Hata wakitaka, waje asubuhi mapema."

Akatoka na mfuko kwenda kwa jirani. Mzee akamngoja afike mbali, akalamba masharubu, akamvuta Kipkemei kwa mkono wa koti.

"Waje," akanong'ona. "Lakini ile sukari yao, waipitishe geti ya nyuma."