Mrenda wa Kando ya Ukuta

Nyumba ile niliichagua kwa sababu ya mrenda. Mboga hiyo ilikuwa imejiotea kando ya ukuta, na baada ya kuzungushwa Kitale nzima nikionyeshwa magorofa yasiyo hata na mahali pa kuanika nguo, nilisema hapa ndipo. Ni mjini, lakini jogoo wa jirani unamsikia.

Sasa pikapu iliyoleta vitu vyangu kutoka Bungoma ilikuwa getini, na dereva alikuwa ameanza kufungua kamba. Ufunguo nilikuwa nao mkononi.

Mwenye nyumba, Mama Nangila, akaja akitabasamu. "Madam, kitu moja tu. Hapa hatupandi mboga. Kuku pia hapana. Hii ni mtaa ya mabosi bana, si kijijini Matulo."

"Na hii nafasi yote ni ya nini?"

"Ya kuangalia."

Akainama mbele yangu, akashika mrenda shinani, akaung'oa. Akang'oa wote. Udongo mwekundu ukanirukia viatuni. Nilidhani atautupa. Akakung'uta mizizi, akaufunga kwa unyasi, akaubana kwapani.

"Unaupeleka wapi?"

"Kwangu. Si nitapika jioni?" Akanitazama kana kwamba mimi ndiye sina akili.

Dereva akaita, "Madam, nianze na kitanda?"

Nilimsogelea Mama Nangila, nikauchomeka ufunguo katikati ya majani yale.

"Pika na huu pia," nikamwambia. Kisha nikamgeukia dereva.

"Funga kamba."