Mbuzi ya Nazi Mlimani

Kila penye mwinuko Kombo alibaki nyuma akihema, na mkewe, Mwanatumu, akaamini uzee umemwingia. Walipofika kwenye mji mdogo katikati ya safari yao ya milimani, alimpeleka moja kwa moja stendi.

"Tunapanda basi turudi nyumbani, mume wangu. Sitaki kukuzika huku."

"Lakini umebaki mlima mmoja tu!"

Mwanatumu hakumsikiliza. Alifungua begi la mumewe ampunguzie mzigo. Chini ya blanketi akakuta mbuzi yake ya kukunia nazi, ile ile ya jikoni, chuma chake kimezungushiwa kitambaa.

"Kombo! Huku kuna mnazi gani?"

Kombo aliinamia viatu vyake. "Si ya kukunia. Magoti yanakusumbua, na kiti kingine hukiwezi. Nilitaka ukifika kileleni ukae vizuri, utazame."

Mwanatumu alitaka kucheka, akashindwa. Basi lilipiga honi. Alivua kanga mabegani, akaifunga mbuzi juu ya begi lake mwenyewe, kama mtoto aliyelala.

"Haya, twende. Na leo usinihemee."

Akalipita basi. Kombo alimfuata, macho kwenye ile miguu ya mbao iliyochungulia kwenye kanga, ikipanda mlima.